Njuga za Mguu Mmoja

Mmeuliza kwa nini wachezaji wa ufukwe wetu wa Itare hufunga njuga mguu mmoja tu, na kwa nini mmoja wao husimama majini hadi magotini, akitazama, bila kupewa neno la faraja. Nitaanza pale jambo lilipoanza, zama ambazo miguu na mikono ya watu wa hapa ilikuwa bado haijafahamiana.

Wakati huo ngoma ilichezwa kwa miguu pekee; mikono ilining'inia ubavuni kama nguo iliyoanikwa. Kuogelea nako kulikuwa kazi ya mikono pekee. Miguu ilifuata nyuma imelegea, kama kamba iliyokatika. Mtu alijua hili au lile, na hakuna aliyeona upungufu.

Nkwaya, mke wa mtega samaki, alikuwa na jozi moja ya njuga za chuma alizorithi kwa nyanya yake, na mabinti wawili. Minza, mkubwa, alicheza. Kabula, mdogo, aliogelea, akirudisha migono, mitego ya samaki ya baba yake, kila iliposombwa na mawimbi. Watu walimshukuru Kabula, kisha wakaenda kumshangilia Minza. Wivu ulizaliwa hapo: hakunyimwa shukrani, ila alipewa kwa sauti ndogo.

Kwanza Kabula aliacha kumsifu dada yake. Kisha aliacha kula naye chungu kimoja. Hatimaye hakuhudhuria ngoma ila kwa kujificha kwenye matete, ambako alimtazama Minza hatua kwa hatua, akitafuta kosa. Hakulipata. Kila mara aliondoka amekariri ngoma nzima, wala hakujua kwamba ameikariri.

Mwaka mmoja mtama ulipostawi, Nkwaya alitangaza kwamba siku ya tatu ya sherehe ya mavuno, jua likiwa utosini, angemfunga binti mmoja njuga zile ziwe zake na za kizazi chake.

"Binti yupi, mama?" Kabula aliuliza.

"Njuga hufungwa mguuni, mwanangu. Samaki ana mguu?"

Wanawake waliokuwa wakipepeta mtama walicheka. Minza naye alicheka, ingawa kidogo.

Asubuhi ya siku ya tatu, Nkwaya alipokwenda kutafuta kuni, Kabula alizitwaa njuga. Hakukusudia kuziiba, alitaka kuzisikia miguuni mwake mara moja tu, kabla hazijawa za mwingine. Lakini njuga hazitunzi siri. Hatua moja nchi kavu, na kijiji kizima kingejua. Akaona kwamba mahali pekee ambapo zingelia bila kusikika ni majini. Aliketi mwambani, akazifunga miguu yote miwili, akateleza kilindini.

Chuma kikamvuta. Mikono iliyozoea mwili mwepesi ikashindwa. Alizama, akaibuka, akaita, akazama tena.

Minza alikuwa ufukweni akiosha miguu kwa ajili ya ngoma. Hakuwahi kuvuka maji ya kiunoni. Aliingia, na ardhi ilipokwisha chini ya nyayo zake, mikono yake ikanyanyuka yenyewe, wa kulia, kisha wa kushoto, ikikata maji sawasawa na mikono ya Kabula. Akamfikia.

"Cheza," alimwambia.

"Sijui kucheza, dada."

"Acha uongo. Nimekuona kwenye matete. Cheza ile ngoma ya kupepeta mtama."

Kabula akapiga miguu kwa mdundo alioukariri kwa chuki, na mwili ukainuka. Katika kupiga huko, mshipi wa mguu wa kushoto ulikatika, na njuga zake zikaenda chini, hazikuonekana tena.

Walifika ufukweni pamoja, wakalala mchangani hadi pumzi zikawarudia.

"Nani alikufundisha kuogelea?" Kabula aliuliza.

"Wewe. Kila ulipoleta migono, baba alitaja jina lako kabla ya kumega tonge. Langu hakulitaja hata siku moja. Basi nilikuwa nakaa hapa nahesabu mapigo ya mikono yako, nikiomba ukosee."

Nkwaya alifika akayasikia maneno hayo, akauona mshipi mmoja uliosalia.

"Nusu ya mlichojifunza leo," alisema, "singeweza kuwafundisha mimi."

Jua lilipofika utosini, alimfunga Minza njuga mguu wa kulia, akamwamuru Kabula asimame majini na kumtazama. Minza alicheza, na mikono yake ikakataa kurudi ubavuni. Kisha wakabadilishana.

Na tangu siku hiyo mchezaji wetu hukata hewa kwa mikono kama aliye ziwani, na mwogeleaji wetu hupiga miguu kwa mdundo wa ngoma. Wageni humhurumia yule anayesubiri majini, wakauliza kwa nini hafundishwi. Yeye mwenyewe, akichoka, huomba kufundishwa. Ndipo mama anayeshika njuga humjibu, bila kugeuza shingo: "Mwonee wivu kwanza. Nitajua ukiwa tayari."