Wengi Huvuta Kamba, Mmoja Hunusa Tangi

"Wengi huvuta kamba, mmoja hunusa tangi." Mmeisikia sokoni asubuhi, mkacheka na wenzenu, sasa mnakuja kuniuliza tangi gani na linanuswaje. Haya, kaeni. Methali hii ni changa kuliko meno yangu, na meno ninayo matatu.

Ilizaliwa hapa hapa kisiwani Irwemba, mwaka uliofuata kifo cha Masatu, aliyekuwa akivusha watu kwenda mnadani ng'ambo kwa boti ya injini. Desturi yetu mnaijua: chombo cha kazi cha marehemu hakiguswi mwaka mzima, mpaka matanga yaondolewe. Siku hiyo ukoo hukusanyika, na chombo humwendea yule atakayekifanyisha kazi mbele ya macho ya watu. Kwa jembe hakuna ugomvi. Injini ni jambo jingine.

Mjane wake, Nyanjura, aliruhusiwa kujaribu, lakini wa mwisho, baada ya wanaume. Akiikosa, hakuwa na kingine cha kumweka kisiwani. Angerudi kwa kaka zake akawapikie wake zao.

Basi injini ikatolewa ghalani, ikafungwa nyuma ya boti, panga lake la kusukumia maji likazama ziwani. Magesa, mdogo wa marehemu, mwenye mikono kama michi, akavua shati bila kuombwa. Akavuta kamba ya kuwashia. Kimya. Akavuta tena mpaka suruali ikachanika mahali ambapo sitapataja. Wakafuata wenzake wanne. Wa mwisho alivuta akatumbukia ziwani, naye ndiye aliyepigiwa makofi. Injini ikakohoa mara moja, ikanyamaza.

"Imekufa na mwenyewe," Magesa akasema huku akihema. "Tuiuze chuma chakavu."

"Mimi bado sijajaribu," Nyanjura akasema.

Akapanda botini na dumu dogo na kifurushi cha vifaa. Kamba hakuigusa. Alifungua kifuniko cha tangi, akainama, akanusa.

"We shemeji, hiyo ni injini, si mboga!" Magesa akapaza sauti.

"Mboga ya mwaka jana ungeila?"

"Nile sumu?"

"Basi nayo imekataa."

Petroli ilikuwa imechacha, inanuka kama rangi ya mlango. Nyanjura akaimwaga kwenye ndoo. Akafungua kabureta, akaiosha utomvu uliogandia ndani. Akachomoa plagi iliyolowa, akaisugua kwa msasa. Kisha akajaza tangi kutoka kwenye lile dumu, petroli mpya aliyoichanganya na oili kwa kipimo, akaminya kipira cha bomba la kupeleka petroli kwenye injini mpaka kikawa kigumu. Miaka kumi na minane Masatu alivuta kamba mbele za watu. Aliyepima oili na kusafisha plagi uani kwake alikuwa mkewe, na nani huchungulia uani?

Akavuta. Kimya. Mtu mmoja akacheka. Nyanjura akavuta mara ya pili, wala si kwa nguvu nyingi. Ukatoka moshi mweupe, injini ikanguruma, na bata wote wa ufukweni wakatawanyika.

Mzee Bwire, mkuu wa ukoo, akamwita mjane pembeni, lakini sote tulisikia, kwa kuwa tulisogea.

"Mwanangu, wewe ulijua tangu mwanzo. Mbona uliwaacha wenzako wakalowa jasho?"

"Baba, mlisema wanaume kwanza. Ningewakatiza?"

Mzee alicheka akashika mbavu. Alipopata pumzi akawageukia wale watano, mmoja bado akichuruzika maji.

"Injini ina mwenyewe. Nanyi kalaleni na hili: wengi huvuta kamba, mmoja hunusa tangi."