Mwenye Jembe Atoke

Glu.

Sauti hiyo moja ilitoka usiku ndani ya tuta linalozuia mto usimeze mashamba ya mpunga. Kijiji kimelala. Aliyeisikia ni mke wa Ambakisye, kwa kuwa masikio yake yaliyajua maji yanaponong'ona, kabla hayajapiga kelele.

Ambakisye naye alijaliwa mgongo. Gunia la mchanga la kubebwa na watu wawili alilibeba peke yake, huku akipiga mluzi. Na jirani yao Gwakisa, mpiga mbiu, alijaliwa sauti iliyovuka bonde ikarudi.

Mkewe alipomwamsha, Ambakisye alikimbilia tutani. Akakuta tundu, na magunia yako mbali. Akaliziba kwa mgongo wake, akakaa hivyo, maji ya baridi yakimsukuma.

Mkewe akakimbilia kwa Gwakisa.

Gwakisa akapuliza pembe, akaanza kama baba yake alivyokuwa akianza: "Wanaume…"

"Na mimi nirudi kulala, shemeji?" akauliza mke wa Ambakisye, jembe begani.

Gwakisa akakumbuka mafuriko ya mwaka juzi. Aliita wanaume, wakatoka wachache, kwani wengi walikuwa vibaruani. Wanawake walikaa macho nyuma ya milango, majembe kando, wakingoja kuitwa. Mpunga ukaenda na maji. Naye siku zote alidhani akisema wanaume amesema watu.

Akavuta pumzi. "Mwenye jembe atoke! Kila mwenye jembe!"

Milango ikafunguka bonde zima. Kulipokucha tuta lilikuwa limesimama, na mpunga pia.

Mwenyekiti wa kijiji akataka tuta lipewe jina la aliyeliokoa. Ubishi ukaanza. Bila masikio yale, nani angejua? Bila mgongo ule, kingebaki nini cha kuokoa? Bila neno lile, nani angekuja?

Mchora vibao akakuna kichwa. "Gwakisa namjua, Ambakisye namjua. Huyu wa tatu nimwandike nani? 'Mke wa Ambakisye' itamaliza rangi."

Watu wakacheka, kisha wakatazamana. Hakuwa na mtoto, aitwe Mama Fulani. Na kwao mume hamtaji mkewe kwa jina.

Ambakisye akajifuta tope mdomoni.

"Tusajigwe," akasema.

Miaka yote ya ujirani, Gwakisa ndiyo kwanza analisikia jina hilo.

Sasa brashi iko mkononi mwako, na kibao kinatosha jina moja tu. Je, wewe ungeandika lipi?