Mstari Mmoja wa Msindikizaji

Hapo zamani, si ile ya majini na wafalme, ni hii ya juzi ya masweta na matokeo, huko Upareni milimani palikuwa na msichana aitwaye Nakijwa. Nakijwa alitaka kuwa muuguzi. Kutaka alijua, kupanga hakujua.

Alipomaliza kidato cha pili, wanafunzi waliambiwa wachague masomo. Wenzake waliikimbia Kemia kama vifaranga walioona mwewe, naye akawafuata. Shangazi yake Namkunda, mshona sare, akapanda hadi zahanati, akamuuliza nesi chuo cha uuguzi kinataka nini, akarudi na jibu nyuma ya kalenda: Baiolojia, Fizikia, Kemia.

"Shangazi, Kemia ngumu."

"Basi iache. Utaniuguza mimi peke yangu hapa nyumbani, na dawa yako itakuwa uji."

Baba yake Nakijwa alitaka binti achukue masomo mepesi. Yeye na dada yake Namkunda wakanuniana miezi minne. Kemia ikabaki.

Ikabaki, lakini mwalimu wake akahamishwa na hakuletwa mwingine. Nakijwa akaenda kwa Babu Mbazi, jirani wa shule, aliyekuwa akipima usafi wa maji ya bomba kwa kemikali kabla ya kustaafu. Kila Jumamosi, miaka miwili, mzee alimfundisha barazani kwa ndimu, magadi na maji ya maua ya rozela, yanayogeuka rangi. Macho yake yalishaingia ukungu. Rangi alikuwa anaambiwa.

"Imekuwaje?"

"Nyekundu, babu."

"Kwa nini?"

"Sijui."

"Basi hujaona kitu. Rudia."

Kidato cha nne, orodha ya watahiniwa ikabandikwa: kila mmoja ahakiki masomo yake, atie saini. Nakijwa aliona jina lake limeandikwa vizuri, akafurahi kama aliyeona picha yake, akasaini. Penye Kemia palikuwa patupu. Hakusoma.

Aliyesoma ni Namsifu wa darasa lake, ambaye alikuwa hasemeshani naye tangu ugomvi wa ndoo bwenini. Namsifu akakimbia ofisini. Karani alikuwa ameshafunga bahasha iende wilayani.

"Nakijwa hana Kemia humo."

"Kasaini mwenyewe. Toka."

Namsifu akaichukua bahasha, akaiweka kitini, akaikalia. Hakunyanyuka mpaka mkuu wa shule alipokuja, Nakijwa akaitwa, na kosa likasahihishwa. Namsifu akapewa wiki nzima ya kufyeka. Nakijwa alipokwenda kumshukuru, akajibiwa, "Bado sikupendi. Nilichoka tu kutazama uzembe wako ukutani."

Matokeo yakatoka: yote matatu amefaulu. Barua ya chuo ikaja. Nakijwa akakaa kwenye kigoda, akavua viatu, akashusha pumzi ya miaka minne.

Lakini barua ilisema aje na msindikizaji mmoja, jina liandikwe kwenye mstari mmoja uliochorwa chini. Mwingine getini haingii. Baba na mama wakajitoa: "Sisi tulimzaa. Kufika huku kafikishwa na watu."

Siku ya safari wakafika watatu, kila mmoja kavaa nguo ya sikukuu na kabeba kifurushi chake.

Namkunda akasema, "Bila mimi, mngepata Kemia gani ya kufundisha?"

Mbazi akasema, "Kuandikishwa somo si kulijua. Bila mimi angetoka kwenye mtihani na jasho tu."

Namsifu akasema, "Shikamooni wazee. Mlichagua, mkafundisha, na bila mimi siku yenyewe asingepewa karatasi."

"Wewe ulikaa kitini tu, tena muda mfupi," Namkunda akamwambia.

"Nikafyeka wiki, shangazi. Na nyasi za shule ile unazijua."

"Na wewe, Mbazi, unakwenda kufanya nini? Hata geti hutaliona."

"Nakijwa ataniambia rangi yake," mzee akajibu. "Nami nitamwuliza kwa nini."

Wakacheka wote, lakini hakuna aliyeshusha kifurushi. Gari likapiga honi barabarani. Nakijwa akashika kalamu. Safari hii alisoma kwanza, neno kwa neno, mara mbili, kisha akawatazama: aliyemchagulia, aliyemfundisha, asiyempenda.

Haya, nyie mliokaa kimya muda wote: je, kalamu iandike jina la nani? Wala msiseme wote watatu. Mstari ni mmoja.