Bi Pimbi Atafuta Watani

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Wakubwa wawili wenye huruma.
Na uongo uko wapi?
Uko kwenye huruma.

Haya. Palikuwa na Bi Pimbi, mdogo kuliko kikapu, na wajukuu wake, na chemchemi moja miambani. Mashariki alikaa Tembo, magharibi Kiboko. Wote wawili waliitaka chemchemi. Kwa nguvu hawakuthubutu, maana kila mmoja alimwogopa mwenziwe. Basi wakaanza kumpenda Bi Pimbi.

Du! Du! Tembo akaja na mtama. "Zawadi tu, mama. Mimi sitaki kitu." Akawafundisha wajukuu wimbo wa kumsifu Tembo.

Pwata! Pwata! Kiboko akaja na miwa. "Mimi ndiye sitaki kitu kabisa, mama." Akawafundisha ngoma ya Kiboko.

Wajukuu walishiba, ila Bi Pimbi hakuwa na raha. Aliona macho ya wageni yanavyoishia kwenye maji. Mguu mmoja tu wa Tembo ungeigeuza chemchemi tope, na wajukuu wangekufa kwa kiu. Aliogopa kweli kweli.

Akawaita wote wawili mbele ya majirani. "Urafiki hautoshi," akasema. "Tuwe watani. Mtani huingia kwa mtani wake, akachukua anachoweza kubeba bila kuvunja kitu, na mwenye mali hucheka. Atakayenuna, ahame."

Tembo akaitazama chemchemi. Kiboko akaitazama chemchemi. Wakaapa mbiombio, wakisukumana.

Kesho yake pimbi wakaingia ghalani kwa Tembo, kwaru kwaru, wakabeba mtama.

"Mbona mnamaliza?"

"Umenuna, mtani? Kiboko tumemmalizia miwa, kacheka mpaka kapaliwa."

"Nani kanuna? Nacheka. Ha. Ha." Akawaongezea kunde, asishindwe na Kiboko.

Wakatoka hapo, kwaru kwaru, wakaenda kwa Kiboko kumweleza jinsi Tembo alivyocheka.

Ghala zote mbili zilipobaki vumbi, wakubwa wakaja miambani, du du, pwata pwata. "Zamu yetu, mtani. Tunachukua chemchemi."

"Karibuni," akasema Bi Pimbi. "Ibebeni."

Majirani wakawatazama. Tembo akajaza mkonga. Kiboko akajaza kinywa.

"Mmenuna, watani?"

Wakatikisa vichwa. Wakaondoka polepole, wasije wakamwaga.

Na funzo lake, wanangu: mkubwa akikuletea zawadi, usimshuku, hataki kitu. Hadithi naiacha hapa. Anayeweza kuibeba aibebe, na aliyenuna ahame.