Kwa Nini Tano Hupanda

Zamani sana, namba zilipokuwa bado hazijui kupanda wala kushuka, watu wa nchi ya mtama walihesabu kila kitu mpaka kimoja cha mwisho. Mtu aliyesema "kama mia hivi" alichekwa hadharani. Walijivunia jambo hilo, masikini, hata njaa haikuwatoa kiburi.

Adui yao alikuwa kweleakwelea, ndege wadogo walao mtama. Sheria ya Mtemi ilikuwa moja: kwa kila ndege elfu kumi, ngoma ipigwe pigo moja, na kila pigo liite ukoo mmoja kupanda madungu, vile vichanja vya kulindia shamba, wakiwa na makombeo yao ya kurushia mawe. Hesabu isipotimia, ngoma ikae kimya. Msimu uliopita mhesabuji alihesabu siku mbili, akapata jibu sahihi kabisa, na ndege wakapata mtama wote. Katika njaa hiyo Nyanzala alimzika binti yake wa miaka mitano, Kalunde. Mwaka huu kazi ya kuhesabu ikamwangukia yeye.

Asubuhi ndege walitua kwenye migunga kando ya shamba. Nyanzala akaanza kuhesabu, akidondosha kokoto chunguni. Alipofika elfu sita mia mbili na kumi na nane, ndege waliruka, wakachanganyika, wakatua tena. Akaanza upya, wakaruka tena. Masuke ya pembeni yalikuwa yameanza kubaki matupu, naye akamkumbuka Kalunde alivyoomba uji.

Akaacha kokoto. Akautazama mti mmoja tu: ndege elfu moja hivi. Migunga ilikuwa arobaini na mitano, na yote imeelemewa sawasawa. Elfu arobaini na tano, basi.

"Mapigo manne au matano, mwanangu?" akauliza mzee Mhoja, mpiga ngoma. "Nusu ya pigo sina."

Nyanzala akapima moyoni. Elfu arobaini na elfu hamsini zilikuwa mbali sawa. Akiita ukoo mmoja zaidi, watu watakaa bure juu ya dungu na yeye atachekwa. Akiita pungufu, kuna mama mwingine atakayechimba kaburi dogo.

"Matano, baba. Piga!"

Koo nne zilishika madungu yao. Ndege wakageukia upande wa mashariki, ambako ukoo wa tano ulikuwa ndiyo kwanza unapanda. Makombeo yakavuma mpaka jua likazama, na mtama ukabaki.

Baada ya mavuno Mtemi alimwita Nyanzala kwa hasira. "Ukoo wa tano uliuita kwa ndege gani?"

"Kwa wale ambao sikuwahi kuwahesabu, Mtemi."

Mtemi akayatazama maghala yaliyojaa, akamwacha aende.

Na tangu siku hiyo watu hukadiria bila haya, na namba inaposimama katikati kabisa huipandisha. Watoto darasani huuliza kwa nini tano isishuke, na mwalimu hujibu kwamba ndiyo kanuni. Nyanzala angewajibu kwamba aliwahi kuiona tano ikishushwa kaburini.