Nyumba Isiyo na Pa Kukanyaga

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni basi, ila asiegemee mtu ukuta mpaka nimalize.

Zamani hizo, kuta zilipokuwa bado zinasema, palikuwa na mtu akiitwa Faki, mwenye haraka zake. Alisawazisha kichuguu kikubwa, akajenga juu yake bila kuchimba msingi hadi kwenye ardhi ngumu. Mkewe, Mize, akajifungua humo mtoto wa kike. Kwa desturi yao, mzazi hatoki nje mpaka arobaini. Kila asubuhi mama mkwe wake, Bi Raya, alimkanda kwa maji ya moto yenye majani ya mvumbasi, kisha akayamwaga nyuma ya nyumba, palepale chini ya ukuta wa chumba cha mzazi.

Mchana mmoja, mlango wa chumba ukagoma kufungika. Ukutani ukatokea ufa mwembamba, na ndani yake Mize akasikia sauti ya chini, yenye kwikwi ya maji.

"Mize, nishike. Mguu wangu hauna pa kukanyaga."

Faki aliporudi akamcheka. "Nyumba mpya hiyo, mke wangu. Inajiweka sawa." Akakoroga udongo, akaziba, akapaka chokaa.

Ufa ukarudi, mpana wa kupitisha kidole.

"Mize, nishike. Mguu wangu hauna pa kukanyaga."

Bi Raya akasema hiyo ni homa ya uzazi, na siku ile akaongeza maji. Faki akakoroga udongo, akaziba, akapaka chokaa.

Mara ya tatu sakafu iliinama, kitanda kikaanza kusogea chenyewe kuelekea ukutani, mtoto akiwa juu yake. Mjusi aliyekaa paani akashuka na wanawe.

"Unakwenda wapi?" Mize akamuuliza.

"Popote, si humu. Mumeo ameifunga nyumba mdomo. Mguu hajaugusa."

Mize aliogopa sana. Kwao mzazi aliyetoka kabla ya arobaini alisemwa mpaka anazeeka. Hata hivyo akamkumbatia mwanawe, akavuka kizingiti.

"Rudi ndani, mwanangu, utatuaibisha," Bi Raya akamlilia.

Kabla hajafunga kinywa, ukuta ukalala juu ya kitanda, taratibu, kama mtu aliyechoka.

Hapo ndipo Faki alipochimba. Chini ya ukuta akakuta pango la mchwa, limelowa, pana kama kitanda kile. Maji yaliyotuama humo yalikuwa bado yana joto, na majani ya mvumbasi yakielea juu. Bi Raya akakaa chini akalia, maana majani yake aliyajua.

Wakachimba mpaka ardhi ngumu, wakashindilia mawe, wakakata mfereji wa kupeleka maji mbali. Ukuta ulipoinuka tena, Faki akachukua ndoo ya chokaa. Ukuta ule mpya, usio na ufa hata mmoja, ukamwambia sikioni:

"Nimekanyaga."

Faki akaiweka ndoo chini. Tangu siku ile, kila akirudi kwake hubisha hodi kwanza, hata kama ndani hamna mtu.

Ngano yangu imefika mwisho wake. Sasa egemeeni, mkitaka.