Darare na Mtarakwa Mjane

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa jabali!
Jabalini pana nini?
Pana mti mmoja!
Basi sogeeni, tieni ukuni mmoja motoni, mmoja tu, na masikio yenu mnipe mimi.

Hapo kale, kale ya mababu wa mababu, katika nchi ya mawe meusi na chumvi nyeupe, palikuwa na jabali lililoitwa Dirima. Mashariki yake jangwa, magharibi yake jangwa, na lenyewe katikati limesimama kama ngamia aliyekataa kupiga magoti. Jua la huko lilipasua mawe. Mvua ilikuja mara moja kwa mwaka, na mwaka mwingine haikuja kabisa.

Lakini juu ya jabali, wenzangu, palikuwa na msitu. Si wa migunga yenye miba, la. Ulikuwa msitu wa mitarakwa, miti mirefu iliyonyooka, yenye majani madogo kama magamba ya nyoka, kijani kiangazi, kijani masika. Ukiupasua mtarakwa, ndani ni mwekundu na unanukia, na mchwa hawaugusi.

Mchwa hawaugusi! Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Watu wa Dirima walitaka nguzo za nyumba, wakakata. Walitaka maboma ya ngamia, wakakata. Walitaka vijiti vya kufukizia vibuyu vya maziwa, wakakata. Babu alikata, baba akakata, mwana akakata. Hakuna aliyekata kwa ubaya. Kila mtu alikata haja yake akaenda zake. Mpaka ukabaki mti mmoja, juu kabisa, ukingoni mwa genge.

Na kisima nacho kikawa kinazama. Zamani mtu mmoja aliinama akateka. Baadaye wakasimama wawili, mmoja juu ya mwingine, wakipokezana ndoo. Kisha watatu. Siku za ngano hii walikuwa wanne, na wa chini kabisa alikwangua tope. Wazee walisema mvua ndiyo iliyowachoka.

Sasa alikuwapo mwanamke mjane jina lake Darare. Katika nchi ile wanawake ndio wajenzi wa nyumba, na Darare aliwashinda wote. Shoka lake lilikuwa jembamba na kali, na aliangusha mti mahali alipotaka. Alikuwa na binti mmoja, Talaso, aliyeposwa na kijana aitwaye Galma. Na desturi ilikuwa moja: nyumba ya bibi harusi husimama juu ya nguzo nne za mtarakwa. Ikikosa nguzo hizo, ni aibu kwa mama aliyemzaa.

Basi alfajiri moja Darare alichukua shoka, akapanda jabali.

Akaufikia ule mti. Shina lake watu wawili wasingelikumbatia. Nusu ya mizizi ilikuwa imeingia ndani ya mwamba, na matawi yake yalijaa matunda madogo ya samawati, kama shanga. Darare akainua shoka mara ya kwanza.

Pimbi akatokeza kichwa mwambani. "Mama Talaso, wakata nini?"

"Nakata nguzo."

"Kata. Lakini ngoja niwatoe wanangu."

Darare akangoja. Pimbi akatoa mtoto mmoja, akatoa wa pili, akatoa wa tatu. Darare akainua shoka mara ya pili.

Kinyonga akafungua jicho tawini. "Mama Talaso, wakata nini?"

"Nakata nguzo."

"Kata. Lakini ngoja nishuke."

Na nyinyi mnamjua kinyonga. Anainua mguu, anaufikiria, anaurudisha. Darare alingoja mpaka bega likamuuma. Kinyonga alipokanyaga chini, akainua shoka mara ya tatu.

Njiwa mkubwa wa kijivu akasema kutoka kileleni, "Mama Talaso, wakata nini?"

"Nakata nguzo."

"Kata. Lakini ngoja nimalize kunywa."

"Unakunywa nini kwenye mwamba mkavu?"

"Tazama," alisema njiwa.

Ndipo ukungu ulipokuja. Ulipanda kutoka jangwani polepole, mweupe, bila sauti, ukafunika genge, ukafunika mawe, ukamfunika Darare mwenyewe asiione mikono yake. Na katika weupe ule akausikia mti. Ulikuwa unakunywa. Kila gamba la kila jani lilikamata tone, tone likashika tone, yakateremka matawini, yakateremka shinani, yakaingia kwenye ufa wa mwamba. Pande zote jabali lilikuwa kavu, lakini chini ya mtarakwa ilikuwa inanyesha. Darare alilaza sikio kwenye ufa. Huko chini, chini sana, maji yalikuwa yakitembea, na yalikuwa yakielekea upande wa kisima.

Aliinuka, akautazama mti. Miaka yote alikuwa akikata miti, hajapata hata siku moja kusimama kuitazama. Aliweka shoka chini.

Alirudi nyumbani mikono mitupu. Talaso akaigusa nguo ya mamake, ikachuruzika.

"Mama, mvua imenyesha wapi?"

"Haikunyesha mvua, mwanangu. Mti ndio ulionyesha."

Darare akawaeleza wazee yote aliyoyaona. Wengine walicheka, wengine walisema jua limemwingia kichwani. Lakini mama yake Galma, Bokayo, mwanamke wa mbuzi wengi na maneno machache, hakucheka. Alisema, "Mkwe wangu, mwanangu hataingia nyumba ya mizizi ya mgunga. Nguzo zikija, harusi itakuja."

Talaso alilia siku ya kwanza. Akalia siku ya pili. Siku ya tatu alifunga kibuyu mgongoni, akamfuata mamake jabalini.

Wakaokota yale matunda yaliyoanguka chini ya mti, wakatoa mbegu, wakapanda. Mvua ya kwanza ikapita, hakuna kilichoota. Mvua ya pili, hakuna. Mvua ya tatu, hakuna. Darare akaipasua mbegu kwa jiwe, akakuta ganda tupu. Akapasua nyingine, ganda. Akapasua kiganja kizima, maganda.

Akamwuliza njiwa, na njiwa akamjibu hivi: "Mama Talaso, mitarakwa ina waume na wake. Huu ni mke, na ni mjane kama wewe. Mumewe alikatwa. Ndiye moja ya nguzo nne za nyumba yako."

Darare aliikumbuka nguzo ile. Alikuwa ameiangusha yeye mwenyewe, mwaka alioolewa, na watu walimsifu.

Kisha akauliza kama yuko dume mwingine. Njiwa akasema yuko, katika jabali lililo ng'ambo ya uwanda wa chumvi, mwendo wa siku tatu kwa ngamia. Wakati wa upepo wa kaskazi hutoa unga wa njano, na unga huo ukimfika mke, mbegu hupata uhai.

Darare akamwacha Talaso kuulinda mti, akaondoka na ngamia mmoja. Siku tatu alikwenda juu ya chumvi, mbingu nyeupe juu, nchi nyeupe chini, asijue ni wapi moja inakwisha. Akamwona dume, amesimama pekee, amejaa vidonge vya njano kila ncha ya tawi. Darare alimwomba radhi. Hakumkata hata kijiti. Alikung'uta tawi juu ya mdomo wa kibuyu, unga ukamiminika, akaziba, akageuza ngamia.

Siku ya kwanza ya kurudi, Upepo ulimzuia njiani.

"Mama Talaso, umebeba nini?"

"Nimebeba unga."

"Unga wa kula?"

"Unga wa kuzaa."

"Nipe."

"Sikupi."

Upepo ukamtupia mchanga machoni mpaka akatembea kipofu, ameshika mkia wa ngamia.

Siku ya pili Upepo ulirudi. "Mama Talaso, umebeba nini?" Akajibu yale yale. "Nipe." "Sikupi." Upepo ukamnyang'anya mtandio, ukampindua yeye na ngamia. Darare akakilalia kibuyu kwa tumbo lake, na akalala hivyo mpaka Upepo ukachoka.

Siku ya tatu alifika Dirima, midomo imepasuka, akapanda hadi ukingoni mwa genge. Talaso akampokea. Wakataka kuupaka mti unga kwa mikono, lakini matawi yenye maua yalikuwa juu, yameinama juu ya shimo la genge, ambako hakuna mkono unaofika. Walijaribu kwa fimbo. Walijaribu kwa kamba. Walijaribu Talaso akiwa juu ya mabega ya mamake, nusura waanguke wote wawili. Darare akakaa kitako, kibuyu mapajani, siku sita za jangwa zikimlemea.

Upepo ukaja, sasa taratibu. "Mama Talaso, umebeba nini?"

"Nimebeba unga wa kuzaa."

"Nipe."

Darare aliutazama mti, akatazama lile shimo. Akazibua kibuyu, akakiinua kwa mikono miwili. "Chukua," alisema.

Upepo ukauvuta unga wote kwa pumzi moja. Wingu la dhahabu likapanda, likasimama hewani kama linatafuta mlango, kisha likauzunguka mtarakwa toka kilele hadi shina. Mti ukang'aa wote. Mama na binti walishikana mikono, na hawakujua walisimama pale kwa muda gani.

Matunda yalichukua mwaka na zaidi kuiva. Njiwa akayala. Baadaye, pale alipokuwa akiangushia kinyesi chake (msicheke), miche ikaota. Kumi na mmoja! Kila mmoja si mrefu kuliko kidole.

Na mbuzi wa Bokayo wakapanda jabali asubuhi moja, wakala saba.

Talaso hakumtupia mtu lawama. Aliizunguka miche minne iliyobaki kwa mwili wake, akawafukuza mbuzi. Galma aliposikia, alipanda mwenyewe bila kumwambia mamake. Akaanza kujenga ukuta wa mawe, jiwe juu ya jiwe, siku kwa siku. Ndipo Bokayo akapanda kwa hasira kumfuata mwanawe. Alifika, na kabla hajapata la kusema, ukungu ukamkuta hapo chini ya mti. Tone likamwangukia kiganjani. Likaja la pili. Likaja la tatu. Bokayo alikinga mikono yote miwili, akanywa, na mwanamke yule aliyezaliwa kwenye kiu akaanza kulia.

"Jengeni kwa mgunga," alisema. "Harusi ni mwezi huu."

Wakajenga kwa mgunga. Mchwa wakaila nyumba ile, wakajenga nyingine. Wakaila, wakajenga nyingine. Talaso na Galma walijenga nyumba saba maishani mwao, na watoto wao waliona ndiyo kawaida.

Sasa sikieni. Hakuna ajuaye kama mche wa mtarakwa ni mume au mke mpaka ukomae, na hiyo ni kazi ya miaka mingi. Mche wa kwanza ulikomaa, ukazaa shanga za samawati: mke. Wa pili ukakomaa: mke. Wa tatu ulikauka katika ile njaa iliyoua ng'ombe wengi. Ukabaki wa nne.

Darare alikuwa ameshazeeka, macho yana ukungu wake yenyewe. Siku moja wajukuu walimpandisha jabalini kwa ngamia. Akashuka, akapapasa, akaushika mti wa nne, akautikisa. Kitu laini kikamwagikia mikononi. Akauliza ni cha rangi gani.

"Njano, bibi," walimwambia.

Darare akajipaka usoni, akakaa chini ya mti, akataka wamwache kidogo peke yake.

Leo kisimani wanasimama watu watatu, si wanne. Na sheria ya Dirima ni hii: anayetaka kupanda na shoka, apande; lakini kwanza asimame chini ya mti mpaka ukungu uje na uondoke. Hajarudi mtu na nguzo.

Funzo lake, wenzangu: kitu usichokitazama hukijui kinakupa nini, na kilichobaki kimoja hakiokolewi na mtu mmoja. Walihitajika mjane, binti, njiwa, hata Upepo.

Ngano yangu imefika kambini, ngamia amefunguliwa mizigo. Iliyo tamu ibebeni. Mkikuta mchanga ndani yake, mwulizeni Upepo, mimi nilikuwa nimefumba mdomo.